Kamera Bora na Picha Bora

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa kikundi ayasome polepole mbele ya wanafunzi, na kila mahali palipo na swali, asimame kidogo wajibu.)

Natumaini mmekwisha kaa, madaftari yako wazi na kalamu ziko tayari. Somo letu la leo ni juu ya picha. Hapana nyumba siku hizi isiyokuwa na picha. Iko ya harusi ukutani, iko ya babu ndani ya sanduku, na ziko nyingine nyingi ndani ya simu. Basi leo tutauliza swali moja tu: Je, mtu akinunua kamera bora, picha zake zitakuwa bora? Na je, wewe utakayeitazama picha utaiona tofauti hiyo?

Swali hili si langu. Limeletwa na mwanafunzi mwenzenu, mama mmoja wa mkoani Tanga. Ameandika barua kwa mkono wake mwenyewe, na asema kwamba miaka minne iliyopita hakuweza kuandika hata jina lake. Sitamtaja, maana jambo lenyewe ni la nyumbani kwake. Lakini amenipa ruhusa niwasomee barua yake. Sikilizeni.

“Mwalimu, mimi nina watoto watatu na kazi yangu ni kupiga picha. Napiga kwa simu, kisha napeleka mjini kusafisha. Napiga watoto wa shule, wazee, ubatizo na maulidi. Kazi ilikuwa nzuri. Mwaka huu amekuja kijana mmoja sokoni, kavaa kamera kubwa nyeusi shingoni, na wateja wangu wengi wanamfuata. Sasa nina shilingi 1,200,000 ambazo mimi na mume wangu tumeziweka ili tuezeke nyumba. Yuko mtu anayeuza kamera kwa fedha hizo hizo. Mume wangu asema bati kwanza. Mimi nasema kamera kwanza, nayo italeta bati. Tumegombana siku tatu. Mwalimu, niambie kweli: kamera bora huonekana katika picha, au huonekana shingoni tu?”

Ndiyo barua yenyewe. Mwaona kwamba si swali la mchezo. Nyumba inangoja bati, na mvua haingoji mtu. Basi tulijibu pole pole, wala tusikimbilie kusema ndiyo au la.

Kwanza, tujue kamera inafanya kazi gani.

Kamera ni chumba cha giza chenye tundu moja. Nuru huingia kwa tundu hilo na kuchora ndani sura ya kitu kilichoko nje. Jambo hili ni la kale. Mtaalamu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alilichunguza na kuliandika. Nanyi mwaweza kuliona. Ukiwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na jua ni kali nje, na pana tundu dogo mlangoni, tazama ukuta wa upande wa pili. Huenda ukaona watu wanaopita njiani, lakini wamepinduka, kichwa chini na miguu juu. Chumba hicho ni kamera, wala hukununua kitu.

Baadaye watu wakatia kioo katika tundu ili sura iwe safi. Kioo hicho twakiita lenzi. Kisha wakatafuta kitu cha kuishika sura isipotee. Kwa miaka mingi kitu hicho kilikuwa filamu. Siku hizi, katika simu na katika kamera nyingi, kitu hicho ni kipande kidogo kinachoitwa kihisi. Kazi yake ni kupokea nuru.

Kwa hiyo kamera ina mambo matatu: tundu, kioo na kipokea nuru. Semeni pamoja: tundu, kioo, kipokea nuru. Vizuri.

Sasa tofauti ya kamera ndogo na kamera kubwa ni nini? Nitawapa mfano. Mvua inanyesha. Mmoja wenu ametoa kikombe nje, na mwingine ametoa sufuria kubwa ya pilau. Mvua ikiwa ya masika, kikombe kitajaa na sufuria itapata maji tele. Wote wawili watakunywa. Lakini ikiwa ni manyunyu tu, mwenye sufuria atapata maji ya kutosha kinywani, na mwenye kikombe atapata matone.

Nuru ni kama mvua ile. Kihisi cha simu ni kikombe, na kihisi cha kamera kubwa ni sufuria. Katika simu nyingi kihisi ni kiasi cha milimita 6 kwa milimita 4. Zipo nyingine zenye kikubwa zaidi, lakini bado ni kidogo. Zipo kamera zenye kihisi cha milimita 36 kwa milimita 24. Haya, chukueni kalamu. 6 mara 4 ni ngapi? Ni 24. Na 36 mara 24? Ni 864. Sasa gawanyeni 864 kwa 24. Jibu ni 36. Yaani sufuria ile ina mdomo ulio mkubwa mara 36 kuliko mdomo wa kikombe.

Labda mtu atasema: “Basi jibu limekwisha patikana. Sufuria ni bora.” Ngoja kwanza, ndugu yangu. Kumbuka mvua ya masika. Mchana wa jua, nuru ni tele, na kikombe hujaa.

Nilipopata barua ile nilifanya jaribio dogo. Jirani yangu ana kamera kubwa, nami nina simu ya kawaida. Tulitoka pamoja saa nne ya asubuhi tukampiga picha bibi yangu chini ya mwembe, yeye kwa kamera yake, mimi kwa simu yangu. Tulisimama mahali pamoja. Kisha tukapeleka picha zote mbili kusafishwa, kwa ukubwa wa kadi ya posta, inchi 6 kwa inchi 4. Tuliziweka mezani bila ya kuandika kitu nyuma. Wageni wakaja, wakanywa chai, tukawauliza, “Ipi ya kamera kubwa?” Wengine walionyesha hii, wengine ile. Bibi mwenyewe alichagua ya simu, akasema, “Hapa nimecheka vizuri.” Hakutazama kamera, alitazama uso wake.

Jioni ile ile palikuwa na harusi mtaani. Taa zilikuwa chache, na watu walikuwa wakicheza. Tulipiga tena, yeye kwa yake na mimi kwa yangu, na tukasafisha vile vile. Siku ya pili tukaziweka mezani. Safari hii hapana aliyekosea, hata mtoto. Katika picha yangu nyuso zilikuwa na chenga kama mchanga, na mikono ya wachezaji ilikuwa moshi mtupu. Katika picha ya jirani ungeweza kuhesabu ushanga wa bibi harusi.

Basi mmeona? Kamera ni zile zile, wapigaji ni wale wale. Asubuhi tofauti haikuonekana, usiku ilionekana. Kilichobadilika ni mvua, yaani nuru.

Kwa hiyo tusiulize, “Kamera hii ni bora?” Tuulize, “Kamera hii ni bora kwa kazi gani?” Mtu wa pwani haulizi kama jahazi ni bora kuliko ngalawa. Huuliza anakwenda wapi, na amechukua nini.

Sasa nitataja kazi nne ambazo kamera bora huonekana wazi. Andikeni.

Ya kwanza ni picha za gizani, hasa watu wakiwa wanatembea au kucheza. Simu za siku hizi zina akili. Gizani hupiga picha nyingi haraka na kuziunganisha ziwe moja. Nyumba au mti hutoka vizuri, maana hautikisiki. Lakini mchezaji ngoma hakai mahali pamoja, naye hutoka ukungu. Kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi yenye tundu pana haihitaji kungoja. Upana wa tundu la lenzi huandikwa kwa herufi f na tarakimu. Hapa jihadharini, maana hesabu yake ni kinyume: tarakimu ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya f/2 huingiza nuru mara nne kuliko ya f/4.

Ya pili ni vitu vya mbali. Mpira wa miguu, ndege juu ya mti, mgeni wa heshima jukwaani. Lenzi ndefu huleta kitu cha mbali karibu. Zipo simu zenye lenzi ya namna hiyo, lakini nyingi hazina. Simu isiyo nayo ukiivuta kwa vidole, haikusogezi mbele hata hatua moja. Hukata tu kipande cha picha na kukikuza, kama mtu anayekata kona ya kanga na kuinyoosha. Nyuzi ni zile zile, bali zimeachana.

Ya tatu ni vitu vya mbio. Mtoto akikimbia, ng'ombe akiruka, mchezaji akipiga mpira. Hapo kamera hufungua na kufunga upesi sana, labda sehemu moja ya 500 ya sekunde. Muda mfupi namna hiyo huhitaji nuru nyingi, tena huhitaji kamera inayotii kidole mara moja.

Ya nne ni picha kubwa za kutundika ukutani. Picha ya kadi ya posta huficha mengi. Ukiikuza iwe kama mlango, kila kosa litatoka nje kusalimu watu.

Hizo ndizo nne. Gizani, mbali, mbio na ukubwa. Kama kazi yako iko ndani ya hizi, chombo bora ni haki yako, wala usione haya kukitafuta.

Lakini wauza kamera mara nyingi hawasemi hivyo. Wao husema juu ya megapikseli. “Hii ina 12, hii ina 24, hii ina 48. Chukua ya 48!” Megapikseli ni nini? Picha ya kihisi imefanywa kwa nukta ndogo ndogo, kama mkeka ulivyofanywa kwa miyaa. Nukta hizo huitwa pikseli, na pikseli milioni moja ni megapikseli moja.

Sasa tufanye hesabu, ili mtu asitudanganye. Picha iliyosafishwa vizuri huwa na nukta kiasi cha 300 katika kila inchi. Picha yetu ni inchi 6 kwa inchi 4. 6 mara 300 ni ngapi? 1,800. Na 4 mara 300? 1,200. Zidisheni 1,800 kwa 1,200. Mtapata 2,160,000. Yaani megapikseli mbili na kidogo zatosha picha ya kadi ya posta. Mwenye 12 anazo za kutosha na za kubakiza. Mwenye 48 anazo nyingi zaidi, lakini katika karatasi ile ndogo hutaziona. Ni kama kununua magunia kumi ya mchele kwa ajili ya mgeni mmoja. Mgeni atakula sahani yake tu.

Sasa tugeuke upande wa pili. Yako mambo ambayo kamera bora haiwezi kuyafanya, hata ukiinunua kwa fedha za dhahabu.

Kamera haichagui mahali pa kusimama. Ukimpiga mtu picha karibu mno na uso wake, pua itakuwa kubwa na masikio yatakimbilia nyuma. Watu husema, “Simu hii mbaya.” Simu haina kosa. Rudi nyuma hatua mbili.

Kamera haichagui nuru. Jua la saa sita huchimba mashimo meusi chini ya macho. Mchukue mtu wako barazani, au chini ya mti, uso wake ukielekea uwanjani kwenye nuru. Usimsimamishe mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, maana kamera itautazama ukuta na kufanya uso kuwa giza. Katika simu, gusa uso wake juu ya kioo kwa kidole, nayo itapima nuru ya uso.

Hapa nitasema neno moja la haki. Si kila mara kosa ni la mpigaji. Zamani filamu za rangi kutoka Marekani zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyoitwa “Shirley”. Kwa hiyo ngozi nyeupe ilitoka vizuri, na ngozi nyeusi mara nyingi ilitoka kama kivuli kisicho na sura. Wazee wengi walidhani wamepigwa vibaya, kumbe chombo chenyewe hakikufikiriwa kwa ajili yao. Baadaye filamu zilitengenezwa upya, na hapo chombo bora kilionekana wazi katika picha. Nalisema hili ili tusiseme ovyo kwamba chombo si kitu. Chombo ni kitu.

Tena kamera haijisafishi. Nawaomba sasa hivi kila mwenye simu atazame kile kioo kidogo nyuma yake. Je, pana mafuta ya vidole? Pana vumbi? Kifute kwa kitambaa laini na kikavu. Picha nyingi zenye ukungu hazikutokana na simu mbaya, zilitokana na mafuta ya maandazi. Hayo ni matengenezo yasiyo na gharama hata senti moja.

Wahenga walisema, mbaazi akikosa maua husingizia jua. Kabla ya kusingizia kamera, tutazame mikono yetu.

Nitawapa habari za watu wawili wa kweli.

Wa kwanza ni Seydou Keïta wa mji wa Bamako, katika nchi ya Mali. Alizaliwa karibu na mwaka 1921. Alipokuwa kijana, mwaka 1935, mzee wa ukoo wake aliyerudi kutoka Senegal alimpa kamera ndogo ya sanduku, Kodak Brownie. Brownie ya kwanza ilitolewa mwaka 1900 huko Marekani, na bei yake ilikuwa dola moja. Ilikuwa kisanduku tu chenye lenzi rahisi. Keïta alijifunza kwa hiyo. Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwake. Hapo alitumia kamera kubwa ya kusimama juu ya miguu, yenye filamu ya sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mtu mara moja tu. Nuru yake ilikuwa jua la uani. Na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka ya kitandani kwake. Lakini kabla ya kupiga alimgeuza mtu bega, akampanga mikono, akamtazama vazi lake. Mwaka 1994 picha zile zilionyeshwa Paris, na watu walizistaajabia. Alifariki mwaka 2001.

Tazameni hekima yake. Hakukataa chombo kizuri, maana kamera ile kubwa ilikuwa nzuri kwa kazi yake. Lakini nuru hakuinunua, na shuka hakuitafuta mbali.

Wa pili ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza nayo ilikuwa Box Brownie. Alipokuwa mtu mzima alitumia vyombo vya ghali, maana alikwenda vitani na penye hatari. Mwaka 1984 alipiga picha za sinema za njaa ya Ethiopia. Zilipoonyeshwa duniani, watu wa nchi nyingi walitoa msaada. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, naye akapoteza mkono wake wa kushoto. Akafanyiwa mkono wa kuundwa unaoweza kushika kamera, akarudi kazini. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1996.

Je, vyombo vya Amin vilikuwa na maana? Naam, sana. Bila ya mkono ule asingeweza kuendelea. Lakini kamera nzuri kuliko zote ingekuwa kabatini Nairobi siku ile ya mwaka 1984, isingeona njaa hata kidogo. Kwanza alikwenda.

Sasa turudi kwa mama yetu wa Tanga na nyumba yake isiyo na bati.

Mama, nilikuandikia nikuulize mambo mawili. La kwanza: katika kazi zako, ngapi ni za mchana na ngapi ni za usiku? La pili: hapo mjini yuko mtu anayekodisha kamera? Ulinijibu hivi: kazi zangu nyingi ni za mchana, lakini wateja wanaokwenda kwa yule kijana ni wa harusi za usiku. Na yuko mtu anayekodisha kamera yenye lenzi nzuri kwa shilingi 30,000 kwa siku.

Wanafunzi, jibu limo ndani ya maneno hayo. Tufanye hesabu pamoja. Bei ya kamera ni 1,200,000. Kukodi kwa siku moja ni 30,000. Gawanyeni. Mtapata 40. Yaani fedha za kununua kamera moja zaweza kuikodi siku 40.

Sasa, mama akipata harusi nne tu za usiku kwa mwaka, siku 40 zitamchukua miaka 10. Hapo kununua ni hasara, bati na liende juu ya nyumba. Lakini akipata harusi mbili kila mwezi, siku 40 zitakwisha kwa miezi 20. Hapo kukodi kutaanza kuwa ghali, na kununua kutakuwa na maana. Na kama ni harusi moja kila juma, siku 40 hazifiki hata mwaka. Hapo mume wake ndiye atakayemhimiza akanunue.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwanza, kazi za mchana uendelee kuzifanya kwa simu yako, chini ya mti, na kioo kikiwa safi. Pili, harusi ya usiku ikija, kodi kamera, na gharama yake uitie ndani ya bei ya kazi. Lakini uichukue siku moja kabla ya harusi ujizoeze, maana bibi harusi hawezi kuingia ukumbini mara mbili kwa ajili yako. Tatu, andika katika daftari kila harusi, umepata nini na umetoa nini. Wewe sasa wajua kuandika, na daftari hilo litakuwa hakimu baina yako na mumeo. Baada ya miezi sita, lifungueni pamoja mlisome. Nne, ikifika siku ya kununua, usikimbilie mwili mpya wa kamera. Mwili uliotumika na ulio mzima wafaa, na fedha nyingi zaidi uzitie katika lenzi yenye tundu pana. Mwili wa kamera huzeeka upesi, lenzi nzuri ikitunzwa hukaa miaka mingi.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote. Mama ameuliza kama kamera bora huonekana shingoni tu. Mama, kweli ni kwamba huonekana shingoni kwanza. Wateja hutazama kamera kabla ya kutazama picha. Mtu akiona chombo kikubwa hudhani fundi ni mkubwa. Hili ni kosa lao, lakini wewe ndiye unayelipa. Dawa yake si kugombana nao. Safisha picha zako nzuri kumi, uziweke mezani sokoni, watu wazishike kwa mikono yao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akisimama kutazama picha ya mtoto wa jirani yake anayecheka, hatauliza uliipiga kwa nini. Atauliza bei.

Na yule kijana mwenye kamera nyeusi, usimchukie. Naye ana mama yake anayengoja bati.

Wanafunzi, muda wetu unakwisha. Tukumbuke mambo matatu. Moja, kamera bora huonekana gizani, kwa mbali, katika mbio na katika picha kubwa. Mbili, mchana na katika picha ndogo, ni vigumu kuiona tofauti, na mahali pa kusimama ni bora kuliko fedha. Tatu, kabla ya kununua chombo, azima au kodi, jaribu, kisha hesabu.

Sasa kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno haya, na kila mmoja ayasome na kuyanakili: nuru, lenzi, tundu, kihisi, kukodi, hasara.

Kisha jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kwa nini picha za bibi chini ya mwembe hazikutofautiana, na picha za harusi zilitofautiana?

2. Picha ya inchi 10 kwa inchi 8 yahitaji nukta ngapi, kama kila inchi ina nukta 300? Je, kamera ya megapikseli 12 yatosha?

3. Mtu mmoja ataka kununua kamera ya shilingi 900,000. Kuikodi ni shilingi 25,000 kwa siku. Ni siku ngapi za kukodi zinazolingana na bei yake?

4. Jadilini: fikirini chombo kingine, mathalani cherehani, baiskeli au jembe la kukokotwa na ng'ombe. Ni wakati gani chombo bora huleta faida, na ni wakati gani huwa ni cha shingoni tu?

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma majibu mtakayotuletea. Andikeni kwa mikono yenu wenyewe, hata kama mwandiko umepinda. Mwandiko wa mama wa Tanga nao umepinda, lakini nimeusoma wote, na umetupa somo zima la leo.

Kwaherini.